Modemu, baudi na biti: kila tarakimu ina kipande chake cha njia

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeanza kazi ya kufunga vifaa vinavyosoma mita na kutuma taarifa kwa modemu yenye laini ya simu ya mkononi. Mwongozo unasema niweke baudi 9600, 8N1, bila udhibiti wa mtiririko, tena unataja DTE na DCE. Nikiunganisha napata herufi za ajabu zisizosomeka. Fundi mwenzangu anasema baudi na biti kwa sekunde ni kitu kilekile, ni kweli? Halafu, kwa nini intaneti yangu ni ya megabiti 20 lakini faili linashuka kwa 2.3 tu? Naomba unifafanulie maneno haya tangu mwanzo.

Jibu: Marahaba. Nafurahi umeleta maneno pamoja na tatizo lililokufanya uyatafute, maana istilahi za mawasiliano ya data zikikaririwa kwenye orodha huingia sikio hili zikatokea lile. Kabla ya yote, kila unapokutana na tarakimu ya kasi, uliza inapima kipande gani cha njia. Taarifa ya mita inatoka kwenye mita kwenda kwenye kifaa chako, inapita waya mfupi hadi kwenye modemu, inaruka hewani hadi kwenye mnara, kisha inapita mitandao mingine hadi kwenye seva. Kila kipande kina kasi yake na maneno yake. Wewe na mwenzako mnabishana kwa sababu kila mmoja ameshika kipande tofauti.

Tuanze na modemu yenyewe. Ndani ya kompyuta, 1 na 0 ni volti mbili tu zinazopishana ghafla. Mipigo ya namna hiyo inakwenda vizuri kwenye waya wa mita chache. Laini ya simu ya zamani ilikuwa habari nyingine: mtandao mzima ulijengwa kubeba sauti ya mtu, ukapitisha masafa ya hertzi 300 hadi 3400 hivi, basi. Volti iliyotulia mahali pamoja haipiti humo kabisa. Ilibidi kutafuta kitu kinachopita, yaani wimbi lenye masafa yaliyo ndani ya mipaka hiyo, kisha kulibadilisha wimbi hilo kufuatana na biti unazotaka kupeleka. Kubadilisha huko kunaitwa modulesheni. Kulisoma wimbi upande wa pili na kuzitoa biti zake ni demodulesheni. Mtambo unaofanya kazi zote mbili ulipewa jina lililokatwa kutoka kwenye maneno hayo, ndiyo modemu. Modemu yako ya laini ya simu ya mkononi inafanya kazi ileile, ila wimbi lake ni la redio.

Mfano ninaoupenda ni modemu ya Bell 103 ya kampuni ya AT&T ya Marekani, iliyotoka mwaka 1962. Upande uliopiga simu ulitoa mlio wa hertzi 1070 kwa 0 na hertzi 1270 kwa 1. Upande uliopokea ulitumia 2025 kwa 0 na 2225 kwa 1. Lugha yote ni hiyo. Kwa kuwa kila upande ulikuwa na jozi yake ya milio, wote wawili waliweza kusema kwa wakati mmoja bila kuingiliana, na hiyo ndiyo dupleksi kamili. Simu ya upepo, ambayo ukibonyeza kitufe unasema na ukikiachia unasikiliza, ni nusu dupleksi. Redio ya kusikilizia taarifa ya habari ni simpleksi, inakuletea tu na huwezi kuijibu.

Sasa baudi. Neno limetokana na jina la Émile Baudot, mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa, ambaye katika miaka ya 1870 alibuni mfumo wa kutuma kila herufi kwa alama tano zenye urefu ulio sawa. Baudi huhesabu alama, yaani hali ya wimbi inaweza kubadilika mara ngapi kwa sekunde. Biti kwa sekunde huhesabu habari iliyobebwa na mabadiliko hayo. Kwenye Bell 103 wimbi lilibadilika hadi mara 300 kwa sekunde na kila alama ilibeba biti moja, kwa hiyo baudi 300 zilikuwa biti 300 kwa sekunde. Tarakimu zililingana, watu wakayazoea maneno hayo kama pacha, na mazoea yakabaki hata baada ya modemu kubadilika.

Zilibadilika hivi. Fikiria mtu aliye mlimani anakupungia bendera mara moja kila sekunde. Akiwa na bendera za rangi mbili, kila anapopunga anakujibu ndiyo au hapana, na hiyo ni biti moja. Mpe rangi nne: mkono wake haujaongeza kasi hata kidogo, lakini kila anapopunga sasa anakuchagulia jambo moja kati ya manne, na hizo ni biti mbili. Mpe rangi 16, ni biti nne. Modemu za kiwango cha V.22 zilibadilisha wimbi mara 600 kwa sekunde, kila alama ikiwa na hali nne, zikapata biti 1200 kwa sekunde. V.22bis ilibaki kwenye baudi zilezile 600 lakini ikachanganya ukubwa wa wimbi na fezi yake, yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake, ikapata hali 16 na biti 2400 kwa sekunde. Mwishoni V.34 ilifikia biti 33,600 kwa sekunde kwa baudi 3429. Mtu anayesema modemu hiyo ni ya baudi 33,600 ameikuza karibu mara kumi.

Utajiuliza kwa nini tusiongeze rangi mpaka tuchoke. Kinachotuzuia ni kelele. Rangi zikiwa nyingi mno zinafanana, na ukungu kidogo tu unakufanya usome kijani badala ya bluu. Mwaka 1948 Claude Shannon aliliweka jambo hili kwenye hesabu: uwezo wa njia hutegemea upana wa masafa inayopitisha na jinsi mawimbi yako yanavyoizidi kelele kwa nguvu. Chukua laini ya simu yenye upana wa hertzi 3100 hivi, na mawimbi yenye nguvu mara 1000 ya kelele, yaani desibeli 30. Hesabu inakupa kama biti 31,000 kwa sekunde. Laini safi kidogo inakupa zaidi ya hapo, na ndiyo maana modemu za milio zilikwama karibu na 33,600. Modemu za 56,000 za kiwango cha V.90, cha mwaka 1998, hazikuivunja kanuni hiyo. Zilitumia nafasi nyingine: upande wa mtoa huduma ulikuwa umeshakuwa wa kidijitali hadi kwenye kituo cha simu, data ikibadilishwa kuwa volti za kawaida mara moja tu ilipokuwa ikija kwako, na hivyo kelele ya ubadilishaji wa pili haikuwepo. Ulipotuma wewe, ulirudi kwenye 33,600 zilezile. Binafsi naona hii ni moja ya kazi nzuri zaidi za kihandisi katika fani hii, kwa sababu walioifanya walichunguza njia ilivyo kweli, kipande kwa kipande.

Neno kipimo data nalo limetoka hapa. Mafundi wa redio walimaanisha upana wa masafa, kwa hertzi. Watu wa kompyuta wakalitumia kwa biti kwa sekunde. Yote mawili yanatumika. Angalia tu kizio kilichofuata tarakimu.

Tuje kwenye tatizo lako, ambalo halipo hewani hata kidogo. Lipo kwenye waya mfupi. Kwenye waya huo hakuna milio wala fezi, kuna volti ya juu na ya chini tu, na kila alama ni biti moja. Kwa hiyo hapo baudi 9600 ni biti 9600 kwa sekunde, na mwenzako yuko sahihi. Akiipeleka kauli hiyo kwenye njia ya hewani, amekosea.

8N1 ni namna ya kufunga kila herufi kabla ya kuituma. Tazama herufi A. Namba yake ni 65, ambayo kwa biti nane ni 01000001. Waya ukiwa hauna kazi unakaa kwenye 1. Mtumaji anaanza kwa kuushusha kwenda 0, na hiyo ni biti ya kuanzia, inayomwamsha mpokeaji. Kisha anatuma biti nane akianza na ndogo: 1, 0, 0, 0, 0, 0, 1, 0. Halafu anaurudisha waya kwenye 1, ndiyo biti ya kumalizia. Tarakimu 8 ni biti za data, N ni kwamba hakuna pariti, ile biti ya ulinzi nitakayoieleza mbele, na 1 ni idadi ya biti za kumalizia. Jumla ni biti 10 kwa kila herufi, kwa hiyo 9600 inakupa herufi 960 kwa sekunde, si 1200. Mpokeaji hana saa iliyounganishwa na ya mtumaji, na ndiyo maana njia hii inaitwa asinkronia. Anaona mshuko wa biti ya kuanzia, anaanza kuhesabu kwa saa yake, anachungulia katikati ya kila biti. Saa mbili zikitofautiana kwa takriban asilimia 5, akifika biti ya mwisho tayari anachungulia mahali pasipo pake.

Mpokeaji akiwekwa 19,200 wakati mtumaji yuko 9600, kila biti anaiona mara mbili. Ile A yetu ataisoma 0, 1, 1, 0, 0, 0, 0, 0, yaani namba 6 badala ya 65, na mahali alipotarajia biti ya kumalizia atakuta 0. Atatangaza hitilafu ya fremu, yaani ya furushi la biti za herufi moja, au atakuletea takataka. Kwa hiyo kama kila kitu unachokiona ni takataka, angalia kasi kwanza.

Lakini nina shaka nyingine, kwa sababu umetaja mita. Mita nyingi za umeme zinazofuata kiwango cha IEC 62056-21 huanza mazungumzo kwa baudi 300 na 7E1, hata kama baadaye zinapanda kasi. 7E1 ni biti saba za data, pariti ya shufwa, na biti moja ya kumalizia. Pariti ni biti moja ya ulinzi: mtumaji anahesabu zile 1, na zikiwa witiri anaongeza 1 ili jumla iwe shufwa, zikiwa tayari shufwa anaweka 0. Biti moja ikigeuka njiani, hesabu inakataa. Zikigeuka mbili, pariti haioni kitu, na ndiyo maana faili na pakiti hulindwa kwa hesabu nzito zaidi kama CRC.

Angalia kinachotokea mita ikisema 7E1 na wewe ukisikiliza 8N1. Zote zina urefu wa biti 10, kwa hiyo fremu hazivunjiki na hakuna anayelalamika. Ila biti ya pariti unaisoma kama biti ya nane ya data. Tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 zina idadi shufwa ya 1, pariti yake ni 0, zinatoka safi. Tarakimu 1, 2, 4, 7 na 8 zina idadi witiri, zinaongezewa 128 kwenye namba yake na kugeuka alama za ajabu. Kaa mbele ya skrini uangalie: ukiona baadhi ya tarakimu zinasomeka daima na nyingine haziji kabisa, acha kuhangaika na kasi, badilisha pariti. Na kumbuka kwamba mpangilio wa 9600, 8N1 ulioandikwa kwenye mwongozo huenda ni wa kipande cha kifaa na modemu tu, wakati kipande cha kifaa na mita kina mpangilio wake.

DTE na DCE ni majina ya nafasi. DTE ni kifaa cha mwisho, chenye data: kompyuta au kisoma mita chako. DCE ni kifaa cha mawasiliano, yaani modemu. Kiwango cha RS-232, kinachoongoza waya huu mfupi, kiliyataja maungio yote kwa kuangalia upande wa DTE. Kwenye plagi ya pini tisa, pini ya 3 ni ya kutuma, ya 2 ni ya kupokea, ya 5 ni ya ardhi, na majina hayo hayabadiliki hata ukiangalia plagi ya modemu. Ndiyo maana kati ya kompyuta na modemu unatumia kebo iliyonyooka, pini kwa pini. Kompyuta na kompyuta zinataka kebo iliyopishanishwa, vinginevyo wote wanasema kwenye waya mmoja na wote wanasikiliza mwingine ulio kimya.

Kwenye bodi ndogo za modemu zinazouzwa bila boksi, mtindo ni tofauti. TX iliyoandikwa kwenye bodi mara nyingi ni ya kutuma kwa bodi yenyewe, kwa hiyo unaipeleka kwenye RX, yaani ya kupokea, ya kifaa chako. Nilipokuwa kijana kwenye kazi nilipoteza siku mbili nzima kwa kuunganisha TX na TX, nikiwa nimeshabadilisha programu, antena na hata laini ya simu, na mwenye kazi akisubiri. Tangu siku hiyo sishiki bisibisi kabla ya kusoma waya upi unatoka na upi unaingia. Pima volti pia. RS-232 halisi hutumia volti hasi kwa 1 na chanya kwa 0, kutoka 3 hadi 15 kila upande, wakati chipu nyingi za modemu za siku hizi hufanya kazi kwa volti 3.3 au pungufu. Ukiziunganisha moja kwa moja, unaichoma chipu.

Udhibiti wa mtiririko ni njia ya kusema ngoja, nimejaa. Unaweza kufanywa kwa nyaya mbili za ziada, RTS na CTS, au kwa herufi maalumu ndani ya data yenyewe: namba 19 kusimamisha na namba 17 kuruhusu. Njia ya herufi ni hatari ukituma data isiyo maandishi, kwa sababu 19 ikitokea kama sehemu ya kipimo, upande wa pili utadhani ameambiwa anyamaze. Kwa ujumbe mfupi wa mita, kuacha bila udhibiti kunatosha.

Megabiti 20 na zile 2.3: hakuna aliyekuibia. Kasi ya laini hutajwa kwa biti, faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Gawanya 20 kwa 8 upate megabaiti 2.5 kwa sekunde. Kisha toa ushuru wa safari. Kila pakiti ya kawaida ya baiti 1500 ina baiti 40 za anwani na hesabu za itifaki, na kwenye kebo ya mtandao inaongezewa nyingine 38 za kuanzia, kumalizia na kupumzika. Data yako halisi ni 1460 kati ya 1538, karibu asilimia 95. Unabaki na kama megabaiti 2.37. Programu nyingine huhesabu megabaiti moja kuwa baiti 1,048,576 badala ya milioni moja, na kwa hesabu hiyo unasoma 2.26. Zile 2.3 zako ziko palepale zinapostahili kuwa.

Ucheleweshaji ni kitu kingine kabisa, usiuchanganye na kasi. Setilaiti iliyosimama juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Swali lako likipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka, mwanga wenyewe unahitaji karibu nusu sekunde. Hata ukilipia megabiti mara kumi zaidi, nusu sekunde hiyo haipungui.

Rudi sasa kwenye modemu yako ukiwa na programu ya kuandikia kwenye waya, na uandike AT kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Amri hizi zilianza na modemu ya Hayes Smartmodem mwaka 1981 na bado ziko hai ndani ya modemu za simu za mkononi. Herufi zenyewe zinasaidia: A, kama ulivyoona, inaanza na 0 ya kuanzia ikifuatwa mara moja na 1, kwa hiyo modemu inayojitafutia kasi hupima upana wa ile 0 moja na kujua unazungumza kwa kasi gani. Ikijibu OK, kasi, pariti na nyaya za kipande hicho vyote viko sawa, na takataka zako zinatoka upande wa mita. Isipojibu kitu, pishanisha TX na RX. Ikijibu takataka, badilisha kasi.

Baada ya OK, andika AT+CSQ. Utajibiwa namba mbili, mfano 14,99. Zidisha ya kwanza kwa 2, kisha utoe 113: hapa unapata -85, ambayo ni nguvu ya mawimbi ya mnara kwa dBm, kizio cha nguvu za mawimbi, na kwa ujumbe wa mita inatosha. Namba hiyo ya kwanza huenda kutoka 0 hadi 31. Ukiikuta 99, modemu haina kipimo chochote, na mara nyingi antena haijakaa sawasawa kwenye tundu lake.